Dodoma hadi Great Zimbabwe kwa Barabara: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku 18

Mpwa wangu alisafiri siku 12, akamaliza akiba ya mwaka mzima, na Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, akaiona kwa dakika 40. Alifika getini jua likielekea kuzama. Akakimbia hadi kwenye ukuta mkubwa, akapiga picha tatu, mlinzi akaanza kuwaita watu watoke. Kilima hakupanda, makumbusho hakuyaona. Kesho yake alfajiri basi la kurudi lilikuwa linamsubiri.

Si yeye peke yake. Tangu nianze kuwasaidia watu wa hapa Dodoma kupanga safari hii, wanaokwama hukwama palepale. Siku hazikutosha. Noti ndogo ziliisha. Kadi ya chanjo ilisahaulika nyumbani. Wengi wao fedha walikuwa nazo, ila walianza kupanga kutoka stendi ya Nanenane kwenda mbele, na magofu waliyoyafuata yakaachiwa siku zilizobaki. Nakuomba ufanye kinyume: anza na magofu, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni kwako.

Nimechagua Zimbabwe kwa sababu Mtanzania hahitaji viza huko wala Zambia unakopita, na kwa sababu ndani ya nchi moja unapata miji ya kale ya mawe, vilima vya majabali, mbuga, na maporomoko makubwa ya maji. Kwa barabara inawezekana, ukijipanga.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku utakayorudi, na kurasa tupu zisizopungua tatu. Mihuri ni mingi: Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Zambia tena, Tanzania tena.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Dola za Marekani taslimu, nyingi zikiwa noti ndogo.
- Kwacha za Zambia za kutosha siku tatu za njiani.
- Kadi ya benki ya Visa au Mastercard, kwa dharura tu.
- Viatu ambavyo mguu umeshavizoea.
- Jaketi zito na kofia ya sufu. Usicheke, nitaeleza.
- Koti la mvua, hata kama ni kiangazi.
- Tochi na pawabenki.
- Dawa zako za kawaida, na ushauri wa daktari kuhusu kinga ya malaria.
- Nakala mbili za pasipoti na kadi ya njano kwenye karatasi. Moja ikae ndani ya begi, nyingine uiache nyumbani.
- Ukisafiri na mtoto: cheti chake cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi ambaye hasafiri.

Plagi usihangaike nazo. Pini tatu bapa tunazotumia hapa zinatumika na kule.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda Juni, Julai au mwanzoni mwa Agosti.

Mvua za Zimbabwe hunyesha kati ya Novemba na Machi, na njia za vilimani huteleza. Oktoba joto ni kali, na maji ya maporomoko ya Victoria yanakuwa yamepungua sana, hasa upande wa Zambia ambako sehemu kubwa ya mwamba hubaki wazi. Machi hadi Mei maji huwa mengi mno, ukungu unapanda juu na unaweza kusimama mbele ya maporomoko usione kitu ila weupe. Juni na Julai maji bado ni mengi na macho yanaona.

Tahadhari ni baridi. Mtu wa Dodoma anaijua baridi ya Juni yenye upepo, lakini Bulawayo na vilima vya Matobo ni habari nyingine. Usiku wa Julai nyasi zinaweza kuamka na umande ulioganda. Mchana unavaa shati, jioni unatafuta blanketi. Nimeona watu wazima wakinunua masweta ya mitumba sokoni Bulawayo kwa sababu walidhani kusini mwa Afrika ni joto kama Manyoni.

## Hatua ya 2: Panga siku kuanzia magofu

Chukua karatasi. Katikati yake andika: *Great Zimbabwe, siku nzima, kulala mara mbili.* Hicho ndicho kigingi. Kamba zote zinafungwa hapo.

Kisha ongeza vitu vitatu tu: siku moja ya Matobo, nusu siku ya Khami (magofu mengine ya mawe), na siku moja kamili ya maporomoko. Baada ya hapo ndipo unajaza barabara, ukitumia umbali huu wa kukadiria:

- Dodoma hadi Mbeya kupitia Mtera na Iringa: karibu km 600
- Mbeya hadi Tunduma: zaidi ya km 100
- Tunduma hadi Lusaka: zaidi ya km 1,000
- Lusaka hadi Harare kupitia Chirundu: karibu km 500
- Harare hadi Masvingo: karibu km 300
- Masvingo hadi Bulawayo: karibu km 280
- Bulawayo hadi mji wa Victoria Falls: karibu km 440
- Livingstone hadi Lusaka: karibu km 480

Ukiangalia ramani utaona ni duara. Unaingia Zimbabwe kwa Chirundu, unatoka kwa daraja la Victoria Falls, na barabara moja huirudii ila kuanzia Lusaka kuja nyumbani.

Mpangilio ninaowapa watu ni huu:

Siku ya 1 Dodoma hadi Mbeya. Siku ya 2 kuvuka Tunduma na kupanda basi la Lusaka. Siku ya 3 kufika Lusaka. Siku ya 4 ni ya akiba. Siku ya 5 Lusaka hadi Harare. Siku ya 6 kupumzika Harare. Siku ya 7 Harare hadi Masvingo. Siku ya 8 magofu. Siku ya 9 kwenda Bulawayo. Siku ya 10 Matobo. Siku ya 11 Khami asubuhi, mchana makumbusho ya mjini. Siku ya 12 kwenda Victoria Falls. Siku ya 13 maporomoko. Siku ya 14 kuvuka Livingstone na kufika Lusaka. Siku ya 15 na 16 kurudi hadi Mbeya. Siku ya 17 Dodoma. Siku ya 18 akiba ya pili.

Usizile siku za akiba kabla hujaondoka. Basi likiharibika Mpika huko Zambia, foleni ikiwa ndefu mpakani, siku ya 4 inakuokoa, na siku ya 8 inabaki salama. Mpwa wangu hakuwa na siku hiyo. Alipochelewa mara moja tu, hasara yote ikaangukia magofu.

Utaniuliza, na milima ya Nyanga je? Ni mizuri, na mlima Nyangani una mita 2,592, lakini iko mashariki, nje kabisa ya duara letu. Iachie safari nyingine. Anayetaka kuona kila kitu kwa siku 18 ataona madirisha ya mabasi.

Umefanikiwa kama ukifuta siku moja yoyote ya barabarani, siku ya magofu haiguswi.

## Hatua ya 3: Nyaraka, miezi miwili kabla

Pasipoti kwanza. Kama huna, anza maombi Uhamiaji ukiwa na kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa, na usilipie malazi wala tiketi kabla haijafika mkononi.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechoma juzi anaweza kukutwa na kadi ambayo bado haijafikisha siku. Ukishachomwa mara moja, cheti ni cha maisha. Wajawazito, wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wenye matatizo ya kinga ya mwili wazungumze na daktari kwanza. Na nakusihi: usinunue kadi iliyogongwa muhuri bila sindano. Homa ya manjano inaua, na kadi ya uongo haikukingi na mbu.

Kuna mkanganyiko ninaokutana nao kila mara. Kadi za njano ziko mbili. Moja ni ya mwili wako, hii ya chanjo. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, nayo inaitwa Yellow Card, na inamhusu anayekwenda na gari lake. Dereva mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba kadi ya njano anayo, nikamwambia niione, akatoa karatasi ya bima. Anayeendesha gari anahitaji zote mbili, pamoja na kadi halisi ya gari, na barua ya mwenye gari kama si lake.

## Hatua ya 4: Fedha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari nyingi zinapochubuka.

Zimbabwe ina fedha yake, ZiG, iliyoanza Aprili 2024. Hata hivyo dola ya Marekani inatumika dukani, kwenye kombi (daladala za kule), getini, kila mahali. Tatizo ni chenji. Ukitoa noti ya dola 20 kulipia kitu cha dola 3, muuzaji anaweza kukosa cha kukurudishia. Atakupa pipi, au kikaratasi cha deni cha kutumia siku nyingine kwenye duka lile lile, au ZiG ambazo hapa nyumbani hazina wa kuzichukua. Kila ununuzi unakumega kidogo. Baada ya wiki moja unashangaa fedha imekwenda wapi.

Kwa hiyo mimi hubeba hivi kwa ajili ya matumizi madogo: noti 40 za dola 1, noti 20 za dola 5, noti 15 za dola 10. Jumla dola 290. Zinazobaki ni za 20, na chache za 50 kwa malazi. Maduka ya kubadilishia fedha hapa mjini hayana noti za dola moja nyingi kila siku, kwa hiyo anza kuzikusanya mwezi mmoja kabla, kidogo kidogo. Kataa zilizochanika na zilizoandikwa kwa kalamu.

Zigawe kwenye bahasha, kila bahasha na jina lake: barabara, malazi, viingilio, chakula, dharura. Bahasha ya dharura iwe na nauli kamili ya kutoka Victoria Falls hadi Dodoma, na ishonwe au ifungwe mahali ambapo hutaifungua kwa njaa ya kawaida. Bahasha za siku ziwe mfukoni, nyingine zikae mwilini, si kwenye begi la juu ya basi.

M-Pesa na mitandao yetu mingine ya fedha usiitegemee kulipia huko. Kadi ya benki hufanya kazi kwenye hoteli kubwa na baadhi ya maduka. Waarifu benki kabla hujasafiri ili wasiifunge.

Jambo moja la kukuokolea fedha: maeneo mengi ya kiingilio yana bei tofauti kwa wenyeji, kwa watu wa nchi za SADC, na kwa wageni wengine. Sisi ni SADC. Sema mapema, onyesha pasipoti, kabla hawajakata risiti.

Umefanikiwa kama unaweza kulipa nauli ya kombi na sahani ya chakula kwa siku tano mfululizo bila kuomba chenji.

## Hatua ya 5: Fanya jaribio Kolo

Wiki tatu kabla ya safari, nenda Kondoa. Nyumbani tuna urithi wa dunia, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, na watu wa Dodoma tunaipita tukienda Babati bila kugeuza shingo.

Shuka Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Pita kwenye ofisi ya mambo ya kale, lipa, upewe mwongozaji, upande hadi Mungomi wa Kolo. Vaa viatu vile vile utakavyovaa Zimbabwe. Beba begi lile lile, na maji yale yale.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mwili: mpando ule ni mkali, na kama kisigino kitachubuka, heri kichubuke ukiwa saa chache kutoka nyumbani. Ya pili ni macho. Michoro ya rangi nyekundu haikurukii usoni. Unasimama, unatulia, mwongozaji anaonyesha kwa fimbo bila kugusa mwamba, na taratibu mistari inakuwa mtu mwembamba mrefu, kisha mnyama. Ukijifunza kutulia Kolo, Matobo utaona mara mbili ya wanavyoona wengine.

Usimwagie michoro maji ili ing'ae kwa picha. Maji yanaiua. Utasikia kisa cha pango la Pomongwe huko Matobo, ambako miaka ya 1920 watu waliipaka michoro mafuta kwa nia njema ya kuihifadhi, wakaiharibu.

## Hatua ya 6: Barabara hadi Harare

Panda basi la alfajiri la Mbeya, lala Mbeya, na Tunduma ufike asubuhi. Ukifika Tunduma usiku, unakutana na mji wa malori ukiwa umechoka, na uchovu ndio mtaji wa matapeli.

Watakufuata vijana watakaojitolea kukugongea muhuri haraka au kukubadilishia kwacha. Waambie asante, endelea na safari. Pasipoti yako aishike ofisa aliye dirishani tu. Kwacha badilisha kwenye duka lenye risiti, uhesabu mwenyewe kabla ya kutoka mlangoni.

Kila ukigongwa muhuri, simama pembeni usome. Angalia tarehe, angalia idadi ya siku ulizoandikiwa. Kama wameandika siku 7 nawe unahitaji 12, rudi dirishani wakati huo huo, kwa upole. Kusahihisha pale ni dakika mbili. Kusahihisha Bulawayo ni ofisi, foleni na faini.

Kutoka Tunduma hadi Lusaka ni mwendo mrefu wa miti na vituo vya mkaa. Beba chakula kikavu. Nyama mbichi, maziwa na mbegu viache, vinakamatwa mipakani. Wengine huuliza kuhusu treni ya TAZARA, ambayo reli yake ya km 1,860 inaishia Kapiri Mposhi. Naipenda sana, lakini kwa safari yenye kigingi cha siku ya 8 sikushauri, kwani ratiba yake imekuwa haitabiriki.

Chirundu ni mpaka wa kituo kimoja, nchi zote mbili zinakuhudumia upande mmoja. Weka pasipoti na kadi ya njano pamoja mkononi. Usipige picha mpakani, madarajani, wala mbele ya askari na majengo ya serikali.

Kumbuka saa. Zimbabwe na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, na basi lililoandikwa 06:00 kule linaondoka ikiwa saa moja asubuhi ya Dodoma. Rekebisha simu yako Tunduma.

Harare lala, fua nguo, nunua laini ya simu kwa pasipoti yako, kula. Ukiletewa sadza utaitambua: ni ugali. Omba na derere, ni mlenda wa bamia, mtu wa Ugogo atajisikia kwao. Na wakikuletea kapenta wa ziwa Kariba, ujue unakula ndugu wa dagaa wa Kigoma. Walichukuliwa ziwa Tanganyika miaka ya 1960 wakapandikizwa kule, wakazaana.

## Hatua ya 7: Siku ya magofu

Siku ya 7 ukifika Masvingo usilale mjini ukiweza. Magofu yako karibu km 30 kusini-mashariki. Kuna malazi ndani ya eneo lenyewe na hoteli jirani, weka nafasi mapema. Kombi zinazokwenda misheni ya Morgenster hukushusha njia panda, unatembea kidogo.

Salimia unapoingia. *Mangwanani* ni asubuhi, *masikati* ni mchana, *tatenda* ni asante. Mwanamume mtu mzima muite *baba*, mwanamke *amai*, mzee *sekuru*. Mwongozaji wangu alikuwa mzee wa makamo ya babu. Nilipomwambia "Mangwanani, sekuru" na kupiga makofi mawili mepesi kama nilivyoona wenyeji wakifanya, alisimama akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, "Basi wewe si mgeni, wazee wenu walinunua dhahabu yetu." Kweli: sarafu ya Kilwa ilichimbuliwa pale pale, dhahabu ya bara ilishukia bandari ya Sofala, Msumbiji, na kupita Kilwa. Chukua mwongozaji. Bila yeye utaona mawe.

Fuata mpango huu, usiugeuze:

Asubuhi na mapema, kilimani. Panda kwa njia ya kale, inayopenya kati ya majabali hadi unapita ukiwa ubavu ubavu. Jua bado ni dogo, na juu unaliona bonde zima na ukuta mkubwa ukiwa kama pete chini. Shuka kwa njia mpya, magoti yatashukuru.

Mchana wa jua kali, makumbusho. Humo ndimo wamo ndege waliochongwa kwa jiwe la sabuni, ambao mmoja wao umeshamwona kwenye bendera ya nchi.

Kuanzia saa tisa alasiri, ukuta mkubwa. Mzunguko wake ni karibu mita 250, na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu. Ingia kwenye ujia mwembamba kati ya kuta mbili. Tembea polepole. Mwanga unabaki juu, chini ni kivuli na baridi, na mabega yako yanakaribia kugusa pande zote. Sogeza uso karibu na mawe. Ni graniti, kila moja kama tofali, limepasuliwa likalingana, likawekwa juu ya mwenzake bila chokaa, bila udongo, bila kitu. Kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi ya kupitisha ukucha. Nilimwona mjusi akiingia kwenye ufa mmoja akatokea wa tatu. Ukuta huo umesimama tangu zama ambazo Kilwa ilikuwa inastawi.

Ujia huo unakutoa kwenye mnara wa mviringo. Kisha toka nje, zunguka hadi upande wa kusini-mashariki, tazama juu kabisa: mawe yamepangwa kwa mshazari, kama ususi wa mkeka, mistari miwili.  Wanaokuja dakika 40 kabla ya geti kufungwa hawafiki kabisa.

Usipande juu ya kuta. Usiokote jiwe hata dogo. Nyani wapo, chakula kikae ndani ya begi lililofungwa.

Umefanikiwa kama jioni unaweza kumchorea mwenzako kwenye mchanga kilima kiko wapi, bonde wapi, ukuta wapi, na maji yalitoka wapi.

## Hatua ya 8: Matobo na Khami

Matobo iko km 35 hivi kusini mwa Bulawayo, na usafiri wa umma ndani ya hifadhi hakuna. Tafuta wenzako watatu kwenye nyumba ya wageni mkodi teksi ya siku nzima. Bei ikubaliwe kabla ya kuondoka, pamoja na mafuta, na muda wa kusubiri.

Majabali yamebebana kama mtu aliyapanga kwa mkono. Ukiwa umekulia chini ya mlima Simba hapa mjini, moyo utakwambia unapajua. Mwambie dereva akupeleke pango la Nswatugi kwa ajili ya twiga waliochorwa humo. Kama muda ni mdogo, acha sehemu nyingine zote, lakini hapo fika. Huku lugha ni Kindebele: *salibonani* ni salamu, *siyabonga* ni asante.

Khami, km 22 magharibi mwa mji, haina watu wengi. Ni matuta ya mawe yaliyopambwa kwa mpangilio wa bao la drafti, juu ya mto. Nusu siku inatosha.

## Hatua ya 9: Maporomoko, kisha nyumbani

Maporomoko ya Victoria yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Ingia asubuhi geti likifunguliwa, jua likiwa nyuma yako upinde wa mvua unatokea kwenye ukungu. Vaa koti la mvua, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Usitembee kwa miguu mjini usiku, tembo hupita barabarani kama wenyeji. Mbu wa malaria wapo wengi zaidi huku kuliko Bulawayo, kwa hiyo dawa ya kinga uwe umeianza kama daktari alivyokuelekeza.

Siku ya 14 gonga muhuri wa kutoka, vuka daraja la mwaka 1905 kwa miguu au teksi, gonga Zambia, na upande basi la Lusaka kutoka Livingstone. ZiG zote uwe umezimaliza kabla ya daraja. Ukifika Tunduma, hakikisha umegongwa muhuri wa kuingia Tanzania. Wapo wanaopita kwa furaha ya kufika nyumbani wakausahau, na safari inayofuata wanaulizwa walirudije.

## Kama una siku 10 tu

Usiibane barabara. Panda SGR hadi Dar es Salaam, kisha ndege hadi Harare, halafu fuata hatua ya 7 hadi ya 9 na kurudi kwa ndege kutoka Lusaka. Gharama inapanda. Kama huiwezi, ahirisha mwaka mmoja uende kwa siku 18.

Mpwa wangu anarudi Zimbabwe Juni. Safari hii malazi yake ya siku ya 7 na ya 8 pale magofuni yameshalipiwa. Tiketi ya basi la Mbeya bado hajakata.